Uzi: Nimesubiri kiangazi cha Galway mwaka mzima, kumbe kilikuwa kinapita kwa vipande

Mzaramo wa Galway (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mtu kauliza humu jukwaani kama Ireland mwezi wa sita kuna joto, maana mdogo wake anakuja kusoma na hajui abebe nguo gani. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika gazeti. Bora niuanzishie uzi wake. Watu wa Dublin na Cork mtaniongezea, mimi naijua Galway, upande wa magharibi unaopigwa na Atlantiki bila mtu wa kuizuia.

Nilifika Septemba 2021. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu zangu nyingi ni za usiku. Baridi ya kwanza niliivuka kwa kujipa moyo: ngoja kiangazi kije. Januari, ngoja kiangazi. Machi nipo kituoni nasubiri basi, mvua ya mawe inanipiga usoni, ngoja kiangazi. Nikanunua kabisa kaptula mbili na kandambili za ngozi. Mei ikaja. Juni ikaja. Siku moja nikamwuliza mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa Mayo, kaunti ya jirani, kiangazi huwa kinaanza lini. Akanitazama kwa huruma.

"Kilikuwa Jumanne," akasema. "Ulikuwa umelala?"

Na kweli nilikuwa nimelala. Nilitoka zamu saa mbili asubuhi.

Tuanze na mvua, maana watu wakisikia Ireland wanadhani inamwagika kama masika. Kwa mwaka mzima Dar inapata kama milimita 1,100. Dublin inapata kama 750. Huku magharibi ni zaidi, kituo cha Valentia kule Kerry kinapima zaidi ya 1,400, lakini hata hiyo si maajabu. Kinachoua ni idadi ya siku. Siku zenye mvua ya milimita moja na kuendelea ni kama 150 kwa mwaka pwani ya mashariki, na sehemu za magharibi zinafika 225. Mvua ya Dar ina heshima zake: inakuja Machi, inanyesha, inafurika Jangwani, inakwisha, watu wanaanika magodoro. Ya huku ni kama mgeni anayeaga. Ameshavaa viatu, ameshika kitasa, halafu anakumbuka neno jingine.

Na usitegemee methali. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini huku mawingu yapo siku zote, kwa hiyo ni dalili ya nini? Halafu ile mvua inayonyesha na jua linawaka, tuliyokuwa tukiimba utotoni kwamba simba anazaa. Nilimhesabia simba wa Galway siku moja ya Julai: alizaa mara sita kabla ya saa tisa mchana. Mbuga nzima.

Sababu ni mahali kisiwa kilipokaa. Kipo ukingoni kabisa mwa Ulaya. Pepo za kusini-magharibi zinavuka bahari yote ile zikijibebea maji, na nchi kavu ya kwanza zinayoikuta ni hii. Huko juu kabisa kuna mkondo wa upepo mkali unaoleta migandamizo midogo ya hewa, mmoja nyuma ya mwingine kama daladala za Mbagala asubuhi. Kati ya daladala na daladala ndipo unapopata jua lako. Mkibahatika, mgandamizo mkubwa unaokaaga pande za visiwa vya Azores unapanuka mpaka huku, unaziba barabara, na mnapata siku tano sita za jua mfululizo. Ukirudi kusini, daladala zinaendelea. Bahari nayo ni ya uvuguvugu kidogo kwa sababu ya mkondo wa maji unaotoka Ghuba ya Mexico, ndiyo maana Galway haigandi kama Labrador kule Kanada wakati ziko latitudo moja. Lakini bahari hiyo hiyo ikifika Julai inakataa joto lipande. Mchana wa kawaida wa kiangazi ni nyuzi 18 mpaka 20. Dar hiyo ni alfajiri ya Julai, ile ya kujifunika khanga.

Sasa nije kwenye nguo, maana ndipo nilipoielewa nchi hii.

Julai 2022, nimetoka zamu, anga buluu tupu. Nikafua sare tatu, shuka, na vinginevyo, nikaanika kwenye kamba ya uani, nikapanda kulala nikiwa najisifu. Saa nane mchana mlango unagongwa. Nafungua, mvua inapiga lami mpaka inaruka, na jirani yangu, mama wa miaka sabini na kitu, amesimama na beseni lililofunikwa taulo. Ndani, sare zangu zimekunjwa kama za dukani.

"Kola tu ndizo zimebaki mbichi," akasema.

Ukuta wa kati yetu unafika kiunoni. Alikuwa ameinama juu yake na kuvuta kamba yangu upande wake. Wakuu, chupi zangu zilikuwemo. Zimekunjwa nne nne. Nilitamani ardhi ipasuke.

Huyu mama alishanikataza zamani nisimwite Mama, akanipa jina lake nimwite hilo. Nilijaribu, ulimi ukagoma. Mtu anayelingana na mama yako mzazi unamwitaje jina tupu, tena anakuanulia nguo? Siku hiyo nikasema "asante Mama" na akaacha kubisha. Mwaka huu kadi ya Krismasi aliisaini hivyo hivyo: Mama.

Basi akanitoa nje mvua ilipokatika, dakika kumi tu baadaye, jua limerudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Akanionyesha vilima vya Clare ng'ambo ya ghuba, ile Burren ya mawe ya kijivu. "Ukiviona vizuri hivyo, mpaka unahesabu mistari ya mawe, mvua inakuja. Usipoviona, imeshafika." Huu ni utani wao wa miaka, utausikia kila kijiji chenye mlima. Lakini yeye hakuwa anatania peke yake. Tazama anavyoanika: shati linapinduliwa chini juu, kibanio kinabana kwenye mshono wa pembeni, si begani. Kamba ina mti mrefu wenye panda mwishoni. Akishamaliza anausimamisha, nguo zote zinapanda juu ya ukuta zinakutana na upepo. Dakika arobaini shati limekauka, hata kama jua halipo. Siku za namna hiyo wana neno lake kabisa, siku ya kukausha, na watu wanasalimiana nalo barabarani. Nilikuwa nangoja jua, kumbe mwenzangu anafanya kazi na upepo.

Tangu hapo nikaacha kungoja. Vikitoka vipande vya jua vya dakika ishirini nakwenda navyo. Natembea ufukweni Salthill mpaka mwisho, napiga teke ule ukuta kama wanavyofanya wote (usiniulize kwa nini, hata wao hawakubaliani), narudi. Nikilowa, nimelowa.

Hadithi ya nyama choma nayo niimalize. Wikiendi ya mapumziko ya Agosti, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wenzangu wa kazini wakanialika. Nikajitolea kuleta nyama, nikailaza usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mkaa umewaka vizuri, ng'ombe ameanza kutoa harufu, tone likadondoka kwenye jiko: tss. Mimi nikainuka mbio kubeba viti. Hakuna mwingine aliyeinuka. Mwenye nyumba akafungua mwavuli mkubwa wa mezani, akausogeza juu ya jiko, yeye mwenyewe akabaki nje anageuza soseji huku maji yanamtiririka shingoni. "Grand," akasema. Hilo neno utalisikia mpaka kaburini, maana yake ni salama, sawa, siyo mbaya, nyamaza. Viti viliingia gereji na kutoka mara nne. Kitu cha mwisho, ule mwavuli ukashika moto pembeni. Nyama yangu iliivia kwenye oveni na iliisha yote.

Joto nalo lipo, msije mkasema nawaficha. Tarehe 18 Julai 2022 Phoenix Park pale Dublin walipima nyuzi 33.0. Rekodi ya nchi ni 33.3, Kilkenny, 26 Juni 1887, inasimama mpaka leo. Wiki ile kila mtu kazini ananipiga bega: leo uko nyumbani! Ndugu zangu, nilikuwa nakufa. Nyumba za huku zimejengwa kushika joto, madirisha yanafunguka kidogo tu, feni mjini zimekwisha. Dar nyuzi 33 unakaa chini ya mwembe na upepo wa bahari. Huku unakaa ndani ya thermosi.

Na mwaka 2023 ndio ulionivunja mbavu. Juni ikawa ya joto kuliko Juni zote walizowahi kupima. Watu wakanunua mabwawa ya plastiki ya watoto. Julai iliyofuata ikawa yenye mvua kuliko Julai zote walizowahi kupima. Mwaka mmoja, miezi iliyopakana. Mabwawa yalijaa yenyewe.

Nawasilisha. Karibuni.

Chumvi ya Pangani

Mkuu uzi mtamu, ila hapo Dar kuizidi Dublin mvua naona umetia chai.

Mzaramo wa Galway

Haina sukari hata kidogo. Fikiria beseni. Dar unamwagiwa ndoo mbili kwa wiki, Dublin unanyunyiziwa kijiko kila baada ya saa moja mwaka mzima. Aliyelowa zaidi ni wa Dar. Aliyechoka zaidi ni wa Dublin.

Mnyakyusa Mtulivu

Nyie watu wa pwani ndio mnaofanya mvua iwe habari. Mimi nimezaliwa Tukuyu, kule inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu asubuhi, manyunyu mchana, na migomba inanenepa. Niko Limerick mwaka wa sita. Siku ya kwanza nilipotoka uwanja wa ndege, rasharasha ile na majani mabichi mpaka macho yanauma, nilimpigia mama nikamwambia nimefika nyumbani ila ndizi hakuna.

Kinachonishinda mimi ni upepo. Mwavuli wa kwanza ulidumu siku moja. Nenda mjini baada ya dhoruba uone mapipa ya taka, yamejaa miavuli imevunjika mbavu kama kunguru waliokufa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Asalaam aleikum. Mie Dublin, asili Unguja. Mwenzetu kasahau mwanga, na kwa sie wa Kiislamu ndio habari kubwa. Mwisho wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku. Sasa hiyo saa nne utaiita usiku wakati unasoma msahafu uwani bila taa? Saa zetu za Kiswahili zinahesabu kuanzia jua kuchomoza na kuzama, na kwetu Unguja Magharibi haihami, kumi na mbili na kitu Januari, kumi na mbili na kitu Julai. Huku mwezi wa kumi na mbili Magharibi ni saa kumi na kitu ya jioni, mwezi wa sita ni saa nne. Isha inakwenda kuingia saa sita za usiku, Alfajiri hiyoo imefika, mtu hajapata usingizi.

Ramadhani ya 2016 ilianguka Juni. Daku tunakula saa nane za usiku, futari saa nne kasoro. Hesabu mwenyewe. Mchana wa siku moja katikati ya mwezi palinyesha mvua ya baridi hasa, nimesimama kituoni mate yamekauka, maji yananidondokea puani. Nikasema, ya Rabi, maji yote haya na mie sina ruhusa ya tone. Nikacheka peke yangu, watu kituoni wakasogea mbali.

Mzaramo wa Galway

Bi Mkubwa shikamoo. Hiyo ya mwanga nimeikimbia kwa sababu inanitia aibu. Nalala mchana na mapazia mazito nimeyabana na vibanio vya nguo, na bado mwanga unaingia pembeni. Mama jirani ananiambia kila mwaka ikifika Aprili "jioni zimerefuka," kwa furaha kama ndiyo mara ya kwanza.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Marahaba mwanangu. Hilo la jioni kurefuka nao ni salamu. Ukijibu tofauti na "ndiyo, na ni nzuri sana" umekosa adabu.

Kamau wa Maziwa

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Tipperary. Nyinyi mnaongea juu ya nguo na nyama, hapa hali ya hewa ni chakula cha mwaka mzima. Majani ya kulishia ng'ombe wakati wa baridi yanakatwa kuanzia mwisho wa Mei na Juni, na yanatakiwa yanyauke kidogo kabla ya kufungwa. Ukiyafunga mabichi sana yanaoza. Kwa hiyo bosi anakaa na simu anaangalia rada ya mvua ya Met Éireann, wale watu wa hali ya hewa wa Ireland, kama mtu anayengoja matokeo ya uchaguzi. Akiona mwanya wa saa thelathini na sita anapiga simu, na mashine zinakuja hata kama ni saa tano usiku. Utaona mataa ya trekta yamejaa bonde zima. Hakuna anayelala. Asubuhi marobota yamefungwa plastiki nyeusi yamepangwa, na wewe unaenda kukamua moja kwa moja.

Wao wenyewe hawaamini sana simu. Mzee wa hapa anaangalia tarehe 15 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Swithin. Eti ikinyesha siku hiyo itanyesha siku arobaini. Ya mwaka jana ilinyesha asubuhi, saa nne jua, alasiri ikanyesha tena. Nikamwuliza, sasa hiyo inahesabiwaje? Akasema tutaona.

Mnyakyusa Mtulivu

Hahaha "tutaona". Ndiyo utabiri pekee usiokosea Limerick.

Kuna na ule wa wanafunzi. Mitihani ya kumaliza sekondari inaanza mapema Juni, na wanaapa kwamba wiki hiyo jua lazima liwake kuwakomoa waliofungiwa ndani. Nimeliona kwa macho yangu miaka miwili, mwaka wa tatu ilinyesha, watu wakaona wameonewa.

Chumvi ya Pangani

Swali la mpenda kujua. Kwa kalenda yao kiangazi ni lini hasa?

Mzaramo wa Galway

Inategemea unamwuliza nani. Watu wa hali ya hewa wanasema Juni, Julai, Agosti. Kalenda ya kale ya Kiairishi inaanza tarehe mosi Mei, na Agosti tayari ni mavuno. Septemba kwa lugha yao inaitwa Meán Fómhair, maana yake katikati ya mavuno. Wazee wetu pale kazini wanakwenda na ya kale. Tarehe mosi Agosti mmoja wao, fundi seremala mstaafu, aliniambia nimfungie sweta, kiangazi kimekwisha. Nje nyuzi 23. Nikamfungia.

Dada wa Kirumba

Mimi ndiye niliyeuliza kule kwenye uzi mwingine. Mdogo wangu ni wa kike, anafika Galway mwanzoni mwa Juni kwa kozi ya lugha kabla ya chuo. Nimesoma mpaka mwisho na sijapata jibu. Abebe nini jamani? Mama ameshamnunulia mwavuli na majaketi mawili ya manyoya.

Kamau wa Maziwa

Dada, manyoya yabaki Mwanza mpaka Oktoba.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Avae tabaka mwanangu, hapo hapo ndipo palipo siri. Fulana, juu shati, juu sweta jepesi, juu koti la mvua. Atavua na kuvaa mara tano kwa siku, begi lisikose. Na mafuta ya kujikinga na jua apake hata yeye mweusi, mie nilijifanya sihitaji, ile wiki ya joto pua ilinibanduka kama kitunguu.

Mzaramo wa Galway

Koti la mvua lenye kofia, na kofia iwe na kamba ya kukazia kidevuni, maana mvua ya huku inakuja kwa ubavu. Asinunue huko, anunue hapa, bei zipo za kawaida. Mwavuli mwambie mama akae nao yeye, Mwanza utamfaa kwa jua.

Akitaka kubeba kitu kutoka nyumbani abebe khanga mbili, zinakauka upesi na zinafaa kila kitu. Na vibanio vya mbao, si vya plastiki, vya plastiki upepo unavivunja.

Dada wa Kirumba

Vibanio?

Mzaramo wa Galway

Dazeni mbili. Nguo moja viwili, kwenye mshono.